Jinsi ya kulifungua neno “dearth”: kutoka ghali hadi haba

Tungule zinapopungua katika soko la Darajani, Unguja, muuzaji hapigi mbiu kwamba hakuna. Bei ya fungu hubaki ile ile, ila fungu la tungule saba huwa la nne. Mnunuzi akilitazama na kuuliza mbona dogo hivi, hujibiwa, “Ghali siku hizi, mama.” Neno uhaba halikutajwa na yeyote, lakini wote wawili wamekwisha kuelewana. Neno la Kiingereza “dearth” lilianza maisha yake katika jibu kama hilo. Leo tunalifasiri uhaba, na aliyelikariri kwa maana hiyo tu hulitamka vibaya, hulitia mahali pasipo pake, na akikutana nalo katika maandishi ya zamani hupotea kabisa. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa skuli, mwanafunzi wa sekondari na mfasiri. Unaonesha namna ya kulitamka, kulipasua, kulifuata lilikotoka, na kulipatia neno lake la Kiswahili katika kila sentensi.

Anza na ulimi

Andika ubaoni “learn”, “earth” na “search”, uyasome kwa sauti. Irabu iliyomo katika hayo matatu ndiyo irabu ya “dearth”. Anayeona “dear” mbele yake husema “diath”, na kosa lake linaeleweka, kwa sababu “dear” kweli imo ndani. Anayekumbuka “heart” husema “daath”. Sauti yenyewe haimo katika irabu zetu tano, kwa hiyo ifundishwe kwa kinywa: ulimi ukae katikati, midomo isitandazwe kama kwa “e”, taya lisishuke kama kwa “a”, kisha sauti ivutwe. Kwa Waingereza wengi “r” haisikiki. Kwa Wamarekani inasikika. Mwisho malizia kwa “th” ya thelathini na methali, si “dh” ya dhahabu. Wanafunzi wa Unguja na Pemba hawapati tabu hapa, maana sauti hiyo wanayo tangu nyumbani na chuoni. Wasiache tu ikageuka “s” kwa haraka ya kusema.

Kosa linalogharimu alama nyingi zaidi ni la maandishi. “Dearth” na “death” zimetenganishwa na herufi moja tu. Mwanafunzi aliyetaka kusema kuna uhaba wa walimu, akaisahau “r”, ameandika kwamba kuna kifo cha walimu. Programu ya kusahihisha tahajia haitamsaidia, kwa sababu “death” nayo ni neno halali. Dawa ni kuliandika kwa vipande viwili kila mara: kwanza “dear”, kisha “th”. Ukifanya hivyo mara kumi, mkono hauisahau tena ile “r”.

Lipasue vipande

Kuandika kwa vipande si hila ya kukariri tu, kwa maana neno lenyewe liliundwa hivyo hivyo. “Dear” ni sifa, na “th” ni kiambishi cha mwisho kinachogeuza sifa kuwa nomino ya dhana. Kazi hiyo sisi tunaifanya mwanzoni mwa neno, kwa “u”. Linganisha: “warm” huzaa “warmth”, kama joto linavyozaa ujoto. “Long” huzaa “length”, kama refu linavyozaa urefu. “Wide” na “width” ni pana na upana, “deep” na “depth” ni kina cha bahari, “strong” na “strength” ni nguvu. Ukiweka “dear” katika mstari huo huo, na ukakumbuka kwamba “dear” maana yake mojawapo ni ghali, basi “dearth” kwa muundo wake ni ughali. Mwanafunzi apewe nafasi ya kuifikia jibu hili mwenyewe. Muulize: refu ni urefu, je, ghali? Akishasema ughali, muoneshe “dearth”.

Aone pia kwamba irabu hubadilika mtu anapobandika “th”. “Deep” ina irabu ndefu, “depth” fupi. “Long” imekuwa “length”. Ndiyo sababu “dear” na “dearth” hazisikiki sawa ingawa zinaandikwa karibu sawa. Na mara nyingine “th” yenyewe imegeuka “t”, kama katika “height” na “drought”, ambayo ni ukavu uliotokana na “dry”.

Hapa pana mtego. Mtu akishapata ufunguo huu hutaka kufungulia kila mlango. “Mouth” na “cloth” hazikutokana na sifa yoyote. “Earth” si “ear” na “th”. Hata “death” haimo katika kundi hili: ina kiambishi chake kingine cha kale kilichobandikwa kwenye shina la kitenzi. Kabla ya kupasua neno, hakikisha kwamba kipande kinachobaki ni sifa na kwamba maana zinashikana. Usibahatishe, fungua kamusi.

Namna ya kuisoma asili katika kamusi

Kamusi kubwa ya jambo hili ni Oxford English Dictionary, iliyotolewa kwa vipande kuanzia 1884 hadi 1928 na inayoendelea kurekebishwa. Mtandaoni hulipiwa, lakini tovuti ya Etymonline ni ya bure na inatosha kwa darasa. Ukifika kwenye “dearth” utakuta habari imefupishwa mno, na hapo wengi hukwama. Isome hivi.

Kwanza tafuta umbo la kale. Katika Kiingereza cha zama za kati neno liliandikwa “derthe”, na linaonekana kuanzia karne ya 13. Sifa yake ni ya zamani zaidi: katika Kiingereza cha kale iliandikwa “deore”, na ilibeba mambo mawili pamoja, yaani kitu cha thamani au bei kubwa, na mtu apendwaye. Ukiona alama ya nyota mbele ya neno, maana yake wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha. Halikukutwa limeandikwa popote. Usilinukuu kama ushahidi.

Pili, tenganisha mzazi na ndugu. Utakuta “teuer” la Kijerumani na “duur” la Kiholanzi, yote yakimaanisha ghali. Wengi huandika hapo kwamba “dearth” imetoka Ujerumani. Haikutoka. Hayo ni maneno ya ukoo mmoja, kama nyama yetu na “inyama” ya Kizulu, ambazo hakuna aliyemwazima mwenzake. Ghali letu ndilo la kuazima, limetoka Kiarabu. Ikiwa kamusi inasema “from”, hiyo ni njia ya kupita. Ikisema “cognate”, huo ni undugu. Tofauti hiyo moja ikishikwa vizuri, nusu ya makosa ya kazi za asili ya maneno huondoka.

Tatu, wasikilize ndugu wanasema nini. Neno la umbo hili hili lipo Iceland, “dýrð”, na maana yake ni utukufu. Mzizi mmoja, thamani. Iceland uliishia kwenye utukufu na Uingereza ukaishia kwenye bakuli tupu. Kwa hiyo umbo peke yake halikupi maana ya leo. Linakupa mahali pa kuanzia tu.

Na usifuate sauti. “Dear” inatamkwa karibu kama dia yetu, ile fidia ya damu, lakini dia imetoka Kiarabu na haina uhusiano wowote na Kiingereza. Vivyo hivyo ghali na gharama zinafanana na kukutana sokoni kila siku, ila mizizi yake ya Kiarabu ni mbali mbali.

Bei ilivyogeuka njaa

Sehemu hii ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu darasani, kwa sababu ukiieleza vizuri hakuna atakayelisahau neno.

Uingereza ya zama za kati iliishi kwa nafaka. Mavuno yakiharibika, ghala haliishi siku hiyo. Kinachotokea kwanza ni bei. Sheria ya mkate na pombe ya karne ya 13 ilionesha jambo hili waziwazi: bei ya mkate iliwekwa isibadilike, na kilichobadilika ni uzito. Ngano ikipanda, mkate wa bei ile ile unapungua. Aliyenunua aliuona ughali kwa macho, mkononi mwake, kama tunavyouona boflo likinyauka au fungu la tungule likipungua. Mtu wa namna hiyo hahitaji maneno mawili, moja la bei na moja la uchache, maana kwake ni tukio moja. “Dearth” ikabeba yote mawili, na taratibu upande wa bei ukafifia.

Basi katika maandishi ya karne ya 14 hadi ya 17, “dearth” ni wakati ambao chakula kipo lakini maskini hakifikii, au kimekuwa kidogo kweli. Mavuno ya Uingereza yalipoharibika mfululizo kuanzia 1594 hadi 1597, huo uliitwa “dearth”. Wanahistoria hulitenga na “famine”, yaani njaa inayoua watu kwa wingi, kama ile ya 1315 hadi 1317 iliyotokana na mvua zisizokatika kaskazini ya Ulaya. Mfasiri wa historia aishike tofauti hii. Akiandika njaa kila mahali, amefuta kile ambacho mwandishi alikusudia kukitenga.

Biblia ya Kiingereza ya 1611, katika kisa cha Yusuf, inaita ile miaka saba migumu ya Misri “dearth”. Ya Kijerumani ya Martin Luther, katika matoleo yake ya zamani, inatumia “Teuerung”, yaani kupanda kwa bei, kutoka kwenye lile “teuer” tulilolitaja. Biblia ya Kiswahili ya Muungano inasema njaa. Na Surat Yusuf, aya ya 48, inasema “sab'un shidaad”, saba ngumu, na humo ndimo uliko mzizi wa shida yetu. Andika manne haya ubaoni kwa mstari mmoja. Kila lugha imeushika msiba ule ule kwa mkono mwingine: wawili kwa bei, mmoja kwa tumbo, mmoja kwa ugumu wenyewe.

Kwa msomaji wa Zanzibar kuna ulinganisho wa karibu zaidi. Kiarabu kina neno “ghalaa” linalotokana na mzizi wa ghali, na katika vitabu vya historia hubeba kupanda kwa bei na dhiki ya chakula inayokuja nako. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri aliyefariki 1442, alizieleza njaa za nchi yake kwa neno hilo. Kiarabu na Kiingereza hazikuambizana. Zote mbili zilikaa sokoni zikaona jambo lile lile. Hata upande wa mapenzi unafanana. Mwingereza huanza barua kwa “dear”, na hapa kwetu kuna akina Ghalia na Aziza, majina ya vitu vya thamani na adimu, walioitwa hivyo kwa kupendwa.

Baada ya chakula, neno lilitanuka likafika kwenye kila kinachohitajika kisipatikane: habari, ushahidi, vipaji, wataalamu. Hapo bei haimo tena. Hii ndiyo maana utakayokutana nayo magazetini leo.

Kulitia katika sentensi

Umbo lake la kawaida ni “a dearth of”, likifuatwa na nomino ya wingi au isiyohesabika. “There is a dearth of qualified teachers” ni sahihi, na kitenzi hubaki “is” hata walimu wakiwa wengi, kwa sababu kinachotajwa ni uhaba. Halina kitenzi. Sifa ya “dear” haiwezi kulisaidia: “teachers are dear” haimaanishi walimu ni haba. Ukitaka sifa, tumia “scarce”. Na ni neno la maandishi na hotuba. Mtu hamwambii muuza duka kwamba kuna “a dearth of sugar”.

Mambo mawili ya maana yake hupotea mara nyingi. La kwanza, “dearth” si sufuri. Kitu kipo, ni kidogo. La pili, kitu hicho lazima kiwe kinatakiwa. Kipimo chetu ni mbu: jaribu kusema kuna uhaba wa mbu Wete. Msikilizaji atashangaa unawatakia nini. “A dearth of mosquitoes” inashangaza vivyo hivyo. Kinachopungua kwa heri, tumia “few” tu.

Kulipatia neno la Kiswahili

Usianze kwa kamusi. Anza kwa kuangalia sentensi imeandikwa lini na nini kinafuata baada ya “of”.

Ikiwa ni maandishi ya kabla ya karne ya 18 na jambo ni chakula, fikiria ughali kwanza. “The dearth of 1596” ni ughali wa chakula wa 1596, au dhiki ya chakula ikiwa maelezo yanayofuata ni ya mateso zaidi kuliko ya bei. Uhaba wa chakula si kosa, ila unaificha bei, na pengine ukurasa mzima unazungumzia bei.

Ikiwa ni ya sasa, uhaba ndilo neno la kwanza kulijaribu. Skuli za shamba zina uhaba wa walimu waliosomea kazi. Haba lenyewe linatoka kwenye neno la Kiarabu la punje, na ndiyo maana haba na haba hujaza kibaba, kile kipimo ambacho vinne vyake hufanya pishi. Uhaba kwa hiyo unasema kidogo kidogo, punje punje, kipo lakini hakijazi. Huo ndio moyo wa “dearth” ya leo.

Maneno mengine yana kazi zao, na hapa ndipo wafasiri huteleza. Upungufu unahitaji kiwango cha kulinganisha: kilitakiwa hiki, kimepatikana kile. Mji ulihitaji maji kiasi fulani na pampu moja imeharibika. Huo ni upungufu, na Kiingereza chake ni “shortage”. Ukosefu unaweza kushuka hadi sufuri, kwa hiyo uachie “lack”. Uchache ni hesabu tu, bila malalamiko. Ni karibu na “paucity”, iliyotoka kwenye neno la Kilatini la chache. Ukata ni wa mfuko, si wa soko. Adimu ni la kitu ambacho asili yake hakionekani ovyo. Kima punju wa Jozani ni adimu, Kiingereza chake “rare”, na hakuna atakayesema kuna “dearth” ya kima punju ila anayemtafuta akamkosa. Lakini kitenzi chake, kuadimika, kinafaa sana pale kitu cha kawaida kinapopotea kwa muda: kusi likivuma kwa nguvu ngarawa zikashindwa kutoka, samaki wameadimika. Hilo ni “dearth” kamili, na kitenzi kinapendeza kuliko nomino. Kiswahili hupumua vizuri zaidi kwa vitenzi. Usione haya kuivunja nomino ya Kiingereza.

Kwa somo la uchumi, jihadhari. “Scarcity” ni istilahi: mahitaji ya watu hayana mwisho na rasilimali zina mwisho, hata mwaka wa neema. Kiswahili chake ni uhaba, lakini “dearth” haichukui nafasi yake katika mtihani, kwa sababu “dearth” huja na kuondoka.

Mahakamani napo si pa kubahatisha. “A dearth of evidence” ni ushahidi haba. Wengi huandika ushahidi hautoshi, na hiyo ni hukumu, si maelezo. Ushahidi unaweza kuwa haba na bado ukatosha.

Ramadhani ni wakati mzuri wa kuwapa wanafunzi zoezi. Muhogo, ndizi mbichi na nazi vinapanda bei kwa sababu kila nyumba inataka futari siku moja. Waulize: je, hii ni “dearth”? Kwa maana ya karne ya 14, ndiyo, maana bei imepanda na mnyonge anapunguza. Kwa maana ya leo, huenda siyo, kwani vikapu vimejaa. Mwanafunzi anayeweza kutetea majibu yote mawili ameshalielewa neno.

Limebaki tumizi moja linalowakwaza wafasiri wa kilimo. Wafuga nyuki hutumia “dearth” peke yake, bila “of”, kwa kipindi ambacho mimea haitoi maji matamu ya maua. Nyuki hula akiba yao na huvamia mizinga ya wengine, na mfugaji hushauriwa kutoiacha mizinga wazi wala kumwaga asali karibu nayo. Ukiandika uhaba peke yake, msomaji atauliza uhaba wa nini, na ukiandika ukame, atadhani ni mvua. Andika kipindi cha maua haba, na mara ya kwanza ongeza kwamba maua yenyewe huweza kuwepo lakini yasiwe na kitu cha kuchukua.